Hesabu Dohani Kwanza: Kuisoma Chapa ya Meli ya Great Eastern

Mtu akishika chapa ya zamani ya meli ya moshi, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi, swali lake la kwanza huwa bei. Jicho lililozoea halianzii hapo. Linaanzia juu ya sitaha, kwenye dohani, yaani mabomba marefu ya kutolea moshi, na kuzihesabu moja moja kama mtu anayehakikisha chenji yake. Kwa Great Eastern, hesabu hiyo peke yake hukuonyesha pa kuanzia kabla hujasoma neno hata moja la maandishi ya chini.

Meli yenyewe kwanza, kwa ufupi. Isambard Kingdom Brunel ndiye aliyeisanifu, na John Scott Russell akaijenga Millwall, ukingoni mwa mto Thames, London. Ilikuwa ya chuma, urefu wake mita 211, upana mita 25 bila magurudumu ya ubavuni. Ilikusudiwa kubeba abiria 4,000 pamoja na makaa ya kuifikisha Bara Hindi au Australia bila kujaza njiani. Ilikuwa na namna tatu za kwenda: magurudumu mawili ya ubavuni yenye kipenyo cha mita 17, rafadha moja (panga za kusukuma maji) tezini, yaani nyuma ya meli, ya zaidi ya mita 7, na matanga juu ya milingoti sita. Mabaharia waliipa milingoti ile majina ya siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Dohani tano kwa milingoti sita: mchanganyiko huo hauonekani kwenye meli nyingine ya zama zile, kwa hiyo hata chapa iliyokatwa maandishi yake yote haipotezi jina.

Sasa hesabu. Meli ilitoka kiwandani na dohani tano. Mwaka 1865 ilipogeuzwa kuwa meli ya kulaza waya wa telegrafu chini ya bahari ya Atlantiki, dohani moja iling'olewa pamoja na matangi yake ya mvuke ili kupata nafasi ya kuviringishia waya. Kuanzia hapo zikabaki nne. Kwa hiyo chapa yenye dohani nne haiwezi kuwa ya kabla ya 1865. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana wanaigeuza kanuni: wanadhani dohani tano ni ushahidi kwamba chapa ni ya kabla ya 1865. Sivyo. Jiwe la kuchapia lililochorwa 1858 liliweza kutumika tena baadaye, na mchoraji wa mbali aliweza kunakili picha ya zamani bila kujua kwamba meli imebadilika. Karibu kila alama utakayoikuta kwenye chapa inakwambia "si kabla ya mwaka fulani". Ni chache mno zinazokwambia "si baada ya".

Mojawapo ya hizo chache ni jina. Tarehe 3 Novemba 1857, siku ya jaribio la kwanza la kuishusha majini, meli ilibatizwa Leviathan. Meli haikuteremka siku ile. Ilikuwa imejengwa ubavu ukielekea mto, na ilisukumwa kidogo kidogo hadi ikaelea tarehe 31 Januari 1858. Jina la Leviathan halikudumu, umma ukashika Great Eastern. Mwuza picha hakuwa na sababu ya kuendelea kuchapa jina ambalo wateja hawalitumii, hivyo chapa yenye "Leviathan" huangukia kwenye dirisha dogo sana la wakati. Zipo zenye majina yote mawili, moja likifuatwa na neno la "zamani iliitwa". Hizo ni za mpito na ni nzuri kuwa nazo.

Rangi ya ubavu nayo inasema. Kwa kawaida ilikuwa nyeusi. Ilipopelekwa kulaza waya kati ya Bombay na Aden mwaka 1870, ilipakwa nyeupe ili matangi ya waya yasipate joto kali. Ukiona Great Eastern nyeupe, unaangalia safari hiyo, au mtu aliyepaka rangi baadaye bila kujua anachofanya; jinsi ya kuwatenganisha inakuja. (Waya wa kutoka Aden kushuka hadi Zanzibar ulikuja 1879 kwa meli nyingine, ila Aden ile ile ndiyo iliyokuwa kituo.) Na ukikuta ubavu umeandikwa matangazo ya duka kwa herufi kubwa kuliko watu waliosimama sitahani, huo ni mwaka 1886, ilipokodishwa Liverpool na kufanywa bango linaloelea. Miaka michache baadaye ikavunjwa kwa vyuma chakavu kwenye mto Mersey. Mlingoti wa bendera ulioko uwanja wa Anfield, upande wa Kop, ni kipande kilichookolewa humo. Mashabiki wengi wa Liverpool wameuona kwenye televisheni bila kujua walichokiona.

Baada ya dohani, shuka kwenye omo, sehemu ya mbele ya meli. Omo ya Great Eastern ilisimama wima kama ukuta, bila dasturi (mti unaochomoza mbele ya meli), bila sanamu. Wachoraji waliozoea merikebu za matanga mikono yao ilikwenda yenyewe: wakachora omo iliyopinda na dasturi ndefu ikichomoza mbele. Chapa ya namna hiyo ilichorwa na mtu ambaye hakuiona meli, mara nyingi kabla haijakamilika, akitegemea maelezo ya magazeti. Hilo haliifanyi kuwa bandia. Linaifanya kuwa ya mapema na ya kubahatisha, na kwa maoni yetu hizo ndizo zinazofurahisha zaidi, ingawa wanunuzi wanapenda zile "sahihi".

Chukua rula. Magurudumu yalikuwa ya mita 17 kwa meli ya mita 211, yaani gurudumu moja ni karibu sehemu ya kumi na mbili ya urefu. Meli ikiwa na sentimita 50 kwenye karatasi, gurudumu liwe sentimita 4 na kitu. Kasha linalolifunika huzidi kidogo, lakini ukipata 6 au 7, mchoraji ameongeza chumvi. Ujanja mwingine ni kupunguza kila kilicho pembeni. Mashua za kuvuta na boti za makasia zilizoizunguka huchorwa ndogo mno ili meli ionekane jabali. Pima mtu aliyesimama kwenye boti ya mbele kabisa: ikiwa yuko karibu na meli na kimo chake hakifiki hata sehemu ya kumi ya gurudumu, mchoraji alikuwa anauza maajabu.

Halafu upepo. Moshi, bendera na matanga vinapaswa kukubaliana. Chapa nyingi zinaonyesha matanga yote yamejaa na dohani zote zinafuka kwa pamoja. Kwa meli hii jambo hilo lilikuwa la hatari, kwani hewa ya moto kutoka dohani ingeweza kuunguza vitambaa. Ilitweka matanga yote kwenye karatasi zaidi kuliko baharini. Ya baharini yalikuwa ya umbo la mraba kwenye milingoti michache tu, mengine yakikaa kwa urefu wa meli. Chapa yenye foromali (miti ya kukingama inayobeba matanga ya mraba) kwenye milingoti yote sita ni ndoto ya mchoraji.

Bendera za tezini ziwe nyekundu zenye alama ya Uingereza kwenye kona, kama ilivyo kwa meli za biashara. Nyeupe yenye msalaba ni ya manowari, na ikiwepo hapa ni kosa. Bendera iliyo kwenye mlingoti wa mbele kwa desturi ni ya nchi meli inakokwenda. Ya Marekani ikiwepo, mchoraji anawaza New York, ambako meli ilifika mara ya kwanza Juni 1860 na abiria wachache tu waliolipa nauli. Usiitumie peke yake kutoa tarehe. Wengine waliichora kabla ya safari kwa matumaini.

Hayo yote ni ya macho matupu. Sasa lenzi ya kukuza mara kumi, ile ya sonara inatosha. Anza na anga, usianze na meli. Meli ina mistari mingi inayodanganya jicho, anga ni mahali ambapo mchapaji alilazimika kutengeneza kivuli laini, na kivuli ndicho kinachotoa siri ya njia aliyotumia.

Ukiona chembe zisizo na mpango, kama chaki iliyopita juu ya ukuta wa saruji, hiyo ni litografia. Alois Senefelder aliivumbua huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa uso. Jiwe hulowanishwa maji, kisha wino wa mafuta hupitishwa na kushika palipo na mafuta tu. Chembe unazoziona ni vinundu vya jiwe lenyewe. Meli nyingi za miaka ya 1840 hadi 1860 zilichapwa kwa mawe mawili: jiwe la wino mweusi, na jiwe la pili la rangi hafifu, hudhurungi au buluu iliyopauka, lililotandaza anga na bahari. Mchapaji alikwangua jiwe la pili mahali pa povu la mawimbi, pa mvuke na pa wingu linalong'aa, kwa hiyo weupe unaouona hapo ni karatasi tupu. Weka lenzi kwenye povu chini ya gurudumu. Kingo za weupe ziwe kali, zimekatwa na kisu, na rangi hafifu iishie ghafla. Weupe ukiwa umepakwa juu kwa rangi nzito, kuna mkono mwingine umepita.

Rangi zilizoongezwa kwa mkono hukaa juu ya wino mweusi na hujikusanya kwenye kingo, kama chai iliyokauka kwenye kisahani. Hutoka nje ya mstari hapa na pale. Hapo ndipo unapoitenganisha meli nyeupe ya 1870 na meli nyeusi iliyopakwa nyeupe jana: jiwe la meli nyeusi limejaa wino ubavuni, na hakuna rangi ya maji inayoweza kufunika wino ule bila kuonekana nzito na ya unga.

Chembe za rangi nyingi, nyekundu, njano, buluu, zilizotawanyika bila mpangilio na kuachana kidogo pembezoni, ni litografia ya rangi, kila rangi na jiwe lake. Nukta zilizojipanga kwa duara ndogondogo kama maua, zote kwa umbali uliopimwa, ni uchapaji wa kisasa wa mashine. Mjadala umekwisha, hata karatasi iwe ya kahawia kiasi gani. Inayotusumbua zaidi ni kolotipu, njia ya kuchapa kutoka kwenye filamu ya jelatini iliyotumika sana kutoa nakala za chapa za zamani. Haina nukta za duara. Ina mikunjo midogo kama minyoo iliyolala. Ukiwa na haraka utaiita litografia. Tofauti ni kwamba kolotipu inapiga picha ya kila kitu, hata madoa: ukikuta doa la ukungu au mkunjo ambao umechapwa kwa wino na karatasi yenyewe iko safi chini yake, umeshika nakala.

Picha za magazeti ni jambo jingine. Gazeti la Illustrated London News, lililoanzishwa 1842, na wenzake waliifuata Great Eastern tangu mifupa yake ya chuma hadi mlipuko wa tarehe 9 Septemba 1859 karibu na Hastings. Siku ile ganda la kupashia maji lililozunguka dohani ya mbele lilipasuka kwa sababu bomba la kutolea mvuke lilikuwa limefungwa, na wapiga makaa kadhaa wakafa. Picha hizo zilichongwa kwenye mbao ngumu, upande wa kichwa cha mti, na kwa kuwa mti huo hautoi vipande vikubwa, vipande vingi vidogo viliungwa kwa skrubu. Kila fundi alichonga chake. Tafuta mistari myembamba myeupe inayopita wima au kulala katikati ya picha. Ni mahali vipande vilipoachia. Nyuma kuna habari za gazeti, na mkunjo wa katikati ni wa kuzaliwa nao, usimruhusu mtu auite kasoro. Nyingi zilitoka bila rangi. Rangi mbichi zinazong'aa kwenye picha ya gazeti la 1859 kwa kawaida zimewekwa na muuzaji wa siku hizi ili iuzike.

Kwenye maandishi ya chini kuna vifupisho vinavyotisha bure. "Del." baada ya jina ni aliyechora, "lith." ni aliyehamishia kwenye jiwe, "sc." ni aliyechonga, "imp." ni aliyechapa. Jina la mchapaji linaweza kufunga tarehe. Day & Son wa London, waliochapa litografia za Robert Dudley za safari ya waya, waliunganishwa 1867 na kuwa Vincent Brooks, Day & Son. Jina hilo refu, basi, si kabla ya 1867. Anuani ya mtaa nayo husaidia, maana wachapaji walihama. Usikubali ukingo ukatwe ili "ipendeze kwenye fremu". Maandishi yakienda, nusu ya ushahidi imekwenda. Kuhusu takwimu, usishangae chapa mbili zikitofautiana urefu: futi 680 na futi 692 zote ni sahihi, kwa kuwa zilipimwa kwa njia tofauti.

Litografia haina alama ya sahani. Chapa za shaba na chuma zinayo: mstari uliozama kuizunguka picha, ukiacha nafasi kidogo, kwa sababu sahani ilikandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu. Litografia yenye mstari huo mara nyingi imepambwa tu.

Karatasi inyanyue mbele ya dirisha. Karatasi nzuri za wakati ule zilitengenezwa kwa matambara na hubaki nyumbufu. Za rojo la mbao, zilizoenea baadaye, hugeuka kahawia na kukatika ukizikunja. Alama ya maji ya J Whatman mara nyingine ina mwaka, na huo nao ni "si kabla ya". Uzee wa kweli hauko sawasawa: ukingo uliofichwa na kadi ya fremu huwa na rangi tofauti na katikati, na nyuma mara nyingi kuna michirizi ya kahawia iliyofuata mbao nyembamba zilizofunga fremu, hata vifundo vya mti vimejichora. Karatasi iliyochovywa chai ni kahawia pande zote mbili kwa kiwango kimoja, na kwenye matundu na mipasuko rangi imezama zaidi.

Kuitoa kwenye fremu ya zamani ndiko kunakoua chapa nyingi kuliko nondo na mchwa. Ilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi. Kata karatasi ya nyuma kwa kisu, ng'oa misumari kwa koleo ukivuta kuelekea katikati ya fremu, si juu. Inua mbao za nyuma moja moja. Lakini kabla ya kuanza haya yote, angalia kiooni kwa pembeni: ukiona mahali penye kung'aa kama pamelowa, wino umegandana na kioo. Simama hapo. Ukiivuta, meli itabaki kiooni na karatasi itabaki mkononi. Kazi hiyo ni ya fundi wa kuhifadhi karatasi. Lebo yoyote ya nyuma ihifadhi, hata iliyochanika.

Usiioshe. Buluu na nyekundu za mkono hukimbia. Ukitaka kujua, bonyeza pamba yenye unyevu kidogo, si iliyolowa, kwenye kona ya kila rangi, uangalie kama pamba imechukua. Vumbi la pembezoni hutoka kwa unga wa raba laini ya plastiki, ukiuzungusha kwa kidole na kuufagia kwa brashi. Juu ya picha usipitishe. Selotepu ya zamani iache ilivyo, na usiongeze mpya.

Kuirudisha, tumia kadi ya pamba isiyo na asidi mbele na nyuma. Ishikilie kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani vyenye upana wa vidole viwili, kwenye ukingo wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Chapa ininginie kama shati kwenye kamba, kwani karatasi hupanuka na kunywea, na ukiibandika pande zote nne itajikunja katikati ya anga. Kadi ya mbele iwe nene kiasi cha kuzuia kioo kisiiguse.

Kwa anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, shida kubwa ni ukuta. Kuta za mawe ya matumbawe huvuta unyevu na chumvi, na fremu iliyobanwa ukutani huota ukungu nyuma kwanza, mahali usipoona. Itundike ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na dirisha na bafu, na ubandike vipande vya koki, ile ya kuzibia chupa, vya milimita 5 hadi 10 kwenye kona mbili za chini ili hewa ipite. Masika yakiisha, iteremshe, uigeuze, unuse. Harufu ya kabati lililofungwa ikikupokea, fungua fremu siku hiyo hiyo.